Albamu mpya ya Mary Halvorson: lile gita linapindaje vile? Wajuzi wa magita njooni

GitaKavu (Mtwara mjini)
Wakuu habari za muda huu. Mi napiga gita, rizimu zaidi, solo naibaiba pale mwenzangu akichelewa, Jumamosi harusi Jumapili kanisani, kwa hiyo sio mgeni kabisa wa nyuzi. Sasa kuna jamaa yangu yuko Dar kanirushia albamu ya dada mmoja wa Marekani anaitwa Mary Halvorson, albamu inaitwa About Ghosts, yaani Kuhusu Mizimu, imetoka Juni 2025 lebo ya Nonesuch, akaniambia sikiliza halafu uniambie. Nikangoja bando la usiku nikasikiliza nyimbo zote 8, hedifoni masikioni, na mpaka sasa kuna sehemu bado nazirudisha nyuma nazisikiliza upya.

Shida yangu ni hii. Gita lake ni kavu, safi, unasikia mpaka piki inavyogonga uzi, hamna distosheni kwa muda mwingi, halafu katikati ya mstari nota moja inateleza chini, inarudi juu pale pale, na anaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Sio kidole kimevuta uzi maana ile sauti naijua, na sio ule mkono wa chuma wa kutikisia daraja maana hapo nota zote zingeyumba pamoja, hapa kuna nota imenyooka na nyingine inayumba KWA WAKATI MMOJA kutoka gita lile lile. Nimejaribu kwangu nimeishia kukata uzi wa kwanza.

La pili, hivi yeye na bendi yake wameandikiana au kila mtu anajipigia tu? Maana kuna sehemu matarumbeta yanaingia kwa pamoja mstari umepinda pinda balaa lakini wote wamepinda sawasawa, kuna sehemu nasikia fujo tupu. Na anayemjua anieleze nianzie wapi maana nimeona ana albamu kibao.

MtotoWaMajengo
Jazz gani hiyo mkuu 😂😂 jazz ni Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, jazz ni Morogoro Jazz, mtu anacharaza watu wako katikati wanacheza, mama anainuka anaenda kumtunza mwimbaji. Hiyo ya kwako nimeivumilia dakika 3. Halafu mtu wa kanisa unasikiliza albamu ya mambo ya mizimu saa nane za usiku?

FundiSpika (Mikindani)
Mtoto wa Majengo tulia kwanza, kauliza swali zuri.

GitaKavu hicho unachokisikia ni dilei. Mi sio mpigaji, mi natengeneza amplifaya na mikisa za watu ila huyu dada nilishawahi kumfuatilia kwa sababu ya hiyo hiyo sauti, kuna mteja alinijia na pedali yake akataka nimfanyie "ile ya Halvorson" nikabaki natoa macho.

Yeye anatumia pedali ya Line 6 inaitwa DL4, lile dubwana la kijani lenye vitufe vinne vya kukanyaga, limetoka mwaka 1999, limetembea dunia nzima. Kazi yake ya kawaida ni kurudia sauti, unapiga, linakamata, linakurudishia baada ya muda uliouweka. Wengi tunaishia hapo, mwangwi wa kwaya basi. Yeye anafupisha ule muda mpaka marudio yanakaribia kugusana na nota yenyewe, usikie kama sauti moja, halafu anachomeka pedali nyingine ya kukanyaga, ile ya kupanda na kushuka, ambayo inabadilisha huo muda wakati sauti bado imo ndani. Sasa fikiria sauti imeshaingia kwenye kumbukumbu kwa mwendo fulani, wewe ghafla unaisoma kwa mwendo mwingine. Ukiisoma haraka inapanda, ukiisoma polepole inashuka, vilevile kama redio kaseti betri zikianza kuisha mwimbaji anavyogeuka babu. Ndo ile unayosikia. Na kwa sababu sauti kavu inapita moja kwa moja bila kuguswa, unapata nota mbili, moja imenyooka moja inayumba, zinasuguana. Umesikia vizuri sana, una sikio.

Ila mjue pedali ni nusu ya habari. Gita lake ni Guild Artist Award, lile bodi kubwa lenye tumbo wazi ndani, la zamani, ni gita la wazee wa jazz kabisa la kupiga kodi taratibu hotelini, na nyuzi anaweka nene. Akiwa studio anapenda kuweka maikrofoni karibu na nyuzi zenyewe pamoja na sauti ya amplifaya. Ndo maana unasikia ule ukavu wa piki na mbao. Bila ule ukavu, kuyumba kwenyewe kusingekushtua. Watu wengi wanaonunua efekti wanamwaga kila mahali mpaka gita halijulikani lilipo, huyu anapiga nota 10 zimenyooka anapinda ya 11, na mguu wake umepangwa kama mkono wa kushoto ulivyopangwa.

GitaKavu (Mtwara mjini)
Fundi ubarikiwe aisee. Kumbe ni mguu!! Mi nilikuwa naangalia mikono yake kwenye video natafuta kidole kinafanya nini. Swali dogo, mi nina dilei ya Kichina ya bei ya kawaida, nimejaribu sasa hivi kuzungusha nobu ya taimu huku nota inalia, inakatika tu "tk" halafu inaanza upya, haipindi. Mbovu?

FundiSpika (Mikindani)
Sio mbovu. Dilei za dijito nyingine zimepangwa hivyo makusudi, ukibadilisha muda zinaruka kwenda muda mpya ili isipinde, kwa sababu watu wengi hawataki ipinde. Za analogi ndo zinapinda zenyewe bila kuambiwa. Ukienda dukani usiulize jina, chomeka gita, piga uzi mmoja, zungusha nobu ya taimu kabla nota haijafa. Ikisema "nyauuu" beba. Ikisema tk, rudisha.

Na ukibahatika kupata DL4 ya zamani angalia sana umeme, ile inataka adapta ya volti 9 ya AC, sio DC kama pedali zako zote. Mtu anachomeka ya DC haiwaki, anaiuza kwa bei ya kutupa anasema imekufa, kumbe nzima. Inakula pia betri nne zile za kati, ila kwa bei ya betri utafilisika. Toleo jipya la 2022, MkII, linatumia DC ya kawaida.

MtotoWaMajengo
Sawa mmeshajua gita linapindishwa na nini. Swali langu mi linapindishwa KWA NINI. Mtu ana gita la mamilioni limenyooka vizuri kabisa, tuni iko safi, unalipinda ili iweje? Ukipiga hiyo kwenye harusi Chikongola bi harusi ataomba talaka ukumbini.

Chinga_Asilia (Newala)
We Majengo acha. Sisi ndo watu wa mwisho duniani kuuliza swali hilo. Mzee Samaki Likankoa miaka ya 50 kule alivyoanza kuchonga shetani, jicho moja liko tumboni, mguu umetokea kwenye sikio, watu waliozoea vinyago vya mzee na fimbo yake na mama na mtungi si walimshangaa? Leo mzungu anavuka bahari kuja kununua nini, mzee na fimbo? Mpingo ni ule ule mgumu na mchongaji anayepinda mguu wa shetani ndo huyo huyo anayejua kuchonga mguu ulionyooka, asiyejua mguu ulionyooka hata shetani wake anaonekana tu ni gogo bovu. Sijasikiliza hiyo albamu lakini hiyo hoja ya kwa nini kapinda haina mashiko huku kusini.

MzeeWaTarumbeta (Lindi)
Vijana habari za jioni. Nimeletewa huu mjadala na mwanangu kwa sababu anajua nilipiga tarumbeta kwenye bendi ya taasisi kwa miaka mingi kabla ya meno kunikatalia. Nimeisikiliza hiyo albamu leo mchana, spika imewekwa barazani, wajukuu wamekimbia wote.

GitaKavu mwanangu, swali lako la kama wameandikiana. WAMEANDIKIANA. Na wameandikiana kweli kweli. Hicho kikundi kinaitwa Amaryllis ni watu sita, huyo mama mwenye gita, yuko Adam O'Farrill tarumbeta, Jacob Garchik tromboni, Patricia Brennan anapiga vaibrafoni, zile pao za chuma za kugonga, Nick Dunston besi ile kubwa ya kusimama na Tomas Fujiwara dramu. Wamerekodi pamoja kuanzia albamu iliyoitwa hivyo hivyo Amaryllis mwaka 2022, ikafuata Cloudward mwaka 2024, na sasa hii. Humu ndani ameongeza saksafoni mbili kwenye baadhi ya nyimbo, Immanuel Wilkins alto na Brian Settles tena. Kwa hiyo kuna mahali unasikia vipulizi vinne kwa mpigo na hapo ndipo uandishi unapojulikana, kwa sababu watu wanne hawawezi kupinda kona moja kwa bahati. Mmoja angegonga ukuta.

Nikuelekeze namna ya kusikiliza. Chukua ule wimbo wa kwanza, Full of Neon. Usifuate gita. Fuata tromboni peke yake mwanzo mpaka mwisho, wimbo mzima, wengine wapuuze. Utamkuta yuko na wenzake, halafu anashuka chini anashikana na besi. Ukimaliza rudia umfuate tarumbeta. Ukifanya hivyo mara chache utaona ile uliyoiita fujo ni watu wawili watatu wanaozungumza huku wengine nyuma wamepewa kitu cha kushika, kifupi, kinajirudia, kimeandikwa. Anayepiga solo anajitungia pale pale, hiyo ni kweli, lakini sakafu anayokanyaga imejengwa. Na solo ikiisha harudi kule alikoanzia kama jazz nyingi za Wamarekani zilivyo, anaingizwa chumba kingine kabisa.

Na nyie mnaosema jazz ni dansi, mimi ni mtu wa dansi, sina ugomvi. Lakini niambieni, Mlimani Park wakipanga magita, solo huku, sekondi solo anamjibu, rizimu anakata katikati, besi anatembea na njia zake, hakuna hata mmoja anayepiga anachopiga mwenzake, wewe unayecheza unasikia wimbo mmoja. Ukimtoa yule wa sekondi solo ukamsikiliza peke yake utasema huyu mtu anapiga nini? Sikio la kumsikiliza huyo mama mnalo tangu utotoni ila mmelizoesha miguu ndio inayosikiliza.

Halafu huyo kijana wa tarumbeta, O'Farrill. Baba yake ni Arturo, na babu yake ni Chico O'Farrill, mtu wa Havana, aliyewaandikia muziki akina Machito na Dizzy Gillespie. Nimelisema hilo kwa sababu santuri za Kyuba, zile za GV zilizoanza kuletwa Afrika miaka ya 1930, ndizo zilizowafundisha wazee wetu kupanga tarumbeta, Salum Abdallah na Cuban Marimba yake pale Morogoro hakuliokota jina barabarani. Kwa hiyo huyo mjukuu akipuliza mimi nasikia kitu cha nyumbani mahali ambapo nyie mnasikia mizimu.

GitaKavu (Mtwara mjini)
Shikamoo mzee wangu. Nimekaa nimefuata tromboni kama ulivyosema. Nimeipata ile sehemu anaposhikana na besi. Mzee hiyo ni darasa, watu wanalipa ada kwa hayo.

Sasa nikawaza jambo, hata huyo dada mwenyewe historia yake nimeisoma kidogo, alianza na fidla akiwa mtoto, akamsikia Jimi Hendrix akaitupa fidla akachukua gita, akaenda chuo Wesleyan kusomea baiolojia, huko akaingia darasa la Anthony Braxton, mpiga saksafoni, na sayansi ikaishia hapo. Mama yangu angenichinja 😂. Ila mwaka 2019 wakampa ile tuzo ya MacArthur, dola 625,000, zililipwa kidogo kidogo kwa miaka mitano, hupangiwi cha kufanya nazo. Daktari gani wa Ligula anapata hiyo.

Kinganga (Tandahimba)
Mi nacheza ngoma sijui gita. Nimesikiliza kwa sababu ya Mzee hapo juu. Huyo wa dramu Fujiwara nimempenda maana hapigi kwa nguvu. Ngoma ya sindimba anayeongoza ndo anasikika lakini wanaoishikilia ni wale vijana wa vinganga vidogo wanaokwangua kitu kimoja usiku kucha bila kuchoka, ukiwatoa hao mwenye ngoma kubwa anabaki anapigapiga tu hewani. Fujiwara anafanya kazi zote mbili mtu mmoja, mkono huu unashikilia mkono huu unaongea na tarumbeta. Kuna mahali anaacha kabisa kupiga na wimbo haudondoki. Hapo nilirudia mara nyingi.

Ila Mzee usitudanganye, kucheza haichezeki. Nimejaribu.

MwlSomoe (Lindi, Rahaleo)
Salaam wote. Shikamoo Mzee, nitakupinga kidogo kwa heshima zote.

Mimi huyu mwandishi namsikiliza muda mrefu kidogo, nilimjulia kwenye upande wake wa maneno, kwa sababu nafundisha Kiswahili na ushairi ndio ugonjwa wangu. Kwa maoni yangu About Ghosts ni albamu nzuri ila imejaa. Vipulizi vinne vikiingia gita linafichwa, na gita ndilo nililofuata. Mzee kama mtu wa tarumbeta lazima ufurahi, shamba lako limepanuliwa. Mimi nikisikiliza najikuta nasubiri wale wa saksafoni watoke nje wapumzike ili nimsikie yeye na Patricia Brennan, maana gita lile na zile pao za chuma za vaibrafoni zikikaa wawili zinalingana rangi, mpaka kuna sehemu huwezi kujua nani kagonga. Na GitaKavu jihadhari, Brennan naye hutumia efekti kwenye vaibrafoni yake, kwa hiyo sio kila kinachoyumba humo ni gita.

Kuhusu uanzie wapi, usianze na za watu wengi. Anza na Belladonna ya 2022, yeye na fidla zile nne za Mivos Quartet basi (fidla mbili, viola na selo, wenye muziki msinishike shati). Wale wa nyuzi sehemu zao zote zimeandikwa nota kwa nota, yeye ndiye anayejitungia juu yao. Kwa mtu aliyeuliza swali la nani kaandikiwa na nani asiye, hapo utaona mpaka wenyewe kwa macho, huku wamekaa hivi huku mmoja anatembea. Ukishazoea ndipo urudi kwenye watu wanane wa Mzee.

Halafu iko Artlessly Falling ya 2020 na kundi lake la Code Girl, humo kuna kuimba, Amirtha Kidambi, na Robert Wyatt wa Uingereza kaimba nyimbo tatu. Maneno kaandika yeye Halvorson, na kila wimbo kaufunga kwenye bahari yake ya ushairi. Kuna sestina, beti sita za mishororo sita, maneno sita yale yale ya mwisho wa mshororo yanazunguka kubadilishana nafasi kila ubeti, halafu kamalizia cha mistari mitatu. Kuna pantoum ya Kimalei, mshororo wa pili na wa nne wa ubeti huu unakuwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata. Ghazali ipo. Sasa nyie mliosema huyu mtu anajipigia tu hovyo, mtu anayekaa chini kujifunga kamba za namna hiyo, ambaye hata washairi wetu wa mizani na vina wangempa kiti, huyo ni mtu wa hovyo? Shida ya huyu mama ikiwepo ni mpangilio kuzidi. Natamani wakati mwingine aache mlango wazi.

MzeeWaTarumbeta (Lindi)
Mwalimu marahaba. Umenikamata kwenye mapenzi, sikatai. Lakini sikubali kwamba gita limefichwa. Amejificha mwenyewe. Kiongozi wa bendi mwenye gita anayejipa solo ya dakika nne kila wimbo tunao wengi, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa na haki hiyo maana alikuwa Mbaraka, wengine wote ni kelele za kujipenda. Huyu kaandikia wenzake nafasi nzuri kuliko yake. Mimi nimepiga chini ya viongozi wa aina zote mbili na najua nilipenda kuamka asubuhi kwenda mazoezini kwa yupi.

MwlSomoe (Lindi, Rahaleo)
Hapo Mzee umenipiga na fimbo ya kikubwa, nanyamaza. Ila Belladonna asikilize.

Mpitanjia82
Samahani wakuu nauliza, hizi zinapatikana wapi bure

FundiSpika (Mikindani)
Bure bure hapana. Kusikiliza ipo YouTube na zile apu za kulipia kwa mwezi. Ukitaka yako kabisa faili likae kwenye simu usipoteze bando kila siku, Bandcamp zipo, unalipa kwa kadi, ukilipia unapakua na ubora mkubwa. Ushauri wa fundi, pakua mahali penye waifai maana faili kubwa zitamaliza kifurushi kabla ya wimbo wa tatu. Na msisikilizie spika ya simu jamani, besi ya Dunston yote inapotea halafu mnakuja hapa mnasema muziki hauna mdundo.

MtotoWaMajengo
Haya nimerudi. Nimesikiliza na hedifoni za mdogo wangu. Siwezi kusema nimeipenda ila ule wimbo wa mwisho Endmost nimeumaliza, na sikutegemea. Mzee ile ya kufuata mtu mmoja inasaidia, nilimfuata besi. Bado nasema harusini hapana.

GitaKavu (Mtwara mjini)
Harusini hapana hata mi sijasema 😂 ila kuna kitu nataka kujaribu na mwenzangu wa solo, sio kupindisha, pedali sina. Nataka ile ya kuandikiana. Sisi tunapiga nyimbo za watu, kila mtu kajifunza sehemu yake kwa sikio kutoka kwenye rekodi na tukikosea tunafichana. Hatujawahi hata siku moja kukaa tukasema wewe hapa shika hiki, wewe nyamaza mpaka mstari wa nane, mi napita juu. Nimeanza kuandika kwa namba maana nota zangu za karatasi ni za kubabaisha. Wa besi kaniuliza nani kafa.

Mzee, ile sehemu ya vipulizi ya Full of Neon, inawezekana kupigwa na watu wawili tu? Tuna tarumbeta mmoja wa kanisani, anajua.

MzeeWaTarumbeta (Lindi)
Inawezekana, ukiacha sauti za ndani ukabaki na ya juu na ya chini mifupa yake inaonekana. Nitakaa niichukue kwa sikio niiandike, mwanangu atapiga picha karatasi aweke hapa, nipeni siku kadhaa macho sio yale. Lakini ya chini lazima iwe tromboni. Msiniletee saksafoni mkasema itafaa, haitafaa, ule utelezi wa tromboni ndio unaokwenda na gita la yule mama, gita linateleza kwa mguu yeye anateleza kwa mkono. Kusini nzima hii tromboni iko wapi?

Chinga_Asilia (Newala)
Mzee tromboni ipo Masasi, shemeji yangu anayo, ya bendi ya zamani ya shule. Ila ile bomba inayotelezwa imekwama katikati haiendi mbele wala nyuma.

FundiSpika (Mikindani)
Ileteni. Msiipake mafuta ya kupikia.